Gunia Moja Lisilochanganywa: Ushauri kwa Familia Yenye Kahawa Kihambani

Swali huja kwa maneno tofauti lakini ni lile lile. "Nina mikahawa mia mbili aliyoniachia baba. Naweza kuuza kahawa yangu peke yake, ikiwa na jina la shamba letu, kwa bei ya hao wanaouza kahawa maalumu?" Huulizwa Marangu na Machame, huulizwa Mbinga na Mbozi, na siku hizi wanaouliza zaidi ni vijana waliorudi nyumbani baada ya kibarua cha mjini kuota nyasi. Mara nyingi chanzo ni picha. Ndugu aliyeko Ujerumani au Marekani ametuma picha ya mfuko wa gramu 250 ulioandikwa Kilimanjaro, na bei iliyobandikwa pale imeiacha familia nzima midomo wazi.

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Masharti yake ni mengi, na karibu yote yako mikononi mwa familia yenyewe, si kwa mnunuzi wala kwa serikali. Makala haya yanafuata safari ya fungu moja dogo tangu mtini hadi kwa mnunuzi, na yanasema wazi mahali ambapo wengi hujikwaa.

Maalumu maana yake nini

Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1974 na Erna Knutsen, mfanyabiashara wa kahawa wa Marekani, alipotaka kutofautisha kahawa zenye ladha ya mahali zilikotoka na ile inayouzwa kwa tani bila kuulizwa asili. Baadaye likapata kipimo. Waonjaji waliofunzwa huipa kahawa alama kati ya 100, na iliyofikisha 80 huhesabiwa kuwa maalumu. Kabla ya kuonjwa, gramu 350 za kahawa safi isiyokaangwa hutandazwa mezani na kuchambuliwa. Kasoro kubwa, kama punje nyeusi nzima, punje iliyochacha, ukungu au jiwe, haitakiwi hata moja. Kasoro ndogo zisizidi tano.

Nadharia iishie hapo.

Somo la Panama lililopitia Hai

Mwaka 2004 familia ya Peterson, wenye shamba la Hacienda La Esmeralda huko Boquete, Panama, walifanya jambo rahisi. Badala ya kuchanganya mavuno yote, walionja kila kipande cha shamba peke yake. Wakagundua kwamba mikahawa mirefu iliyokuwa sehemu ya juu, ya aina ya Geisha, ilikuwa na harufu ya maua na ladha ambayo haikuwahi kuonekana katika kahawa yao. Harufu hiyo ilikuwapo miaka yote. Ilikuwa inazama ndani ya mchanganyiko. Mwaka ule fungu hilo lilishinda mashindano ya Panama na kuuzwa dola 21 kwa ratili, bei iliyovunja rekodi wakati huo. Agosti 2025, fungu la kilo 20 kutoka shamba hilo hilo liliuzwa mnadani kwa dola 30,204 kwa kilo.

Kuna kipande cha habari hii ambacho kila mkulima wa Kilimanjaro anapaswa kukijua. Mbegu ya Geisha ilitoka misitu ya Ethiopia katika miaka ya 1930, ikapelekwa kituo cha utafiti cha Lyamungo, wilayani Hai, Kilimanjaro, na kutoka hapo ikafika Costa Rica mwaka 1953 kabla ya kuingia Panama. Kahawa ghali kuliko zote duniani iliwahi kukaa jirani na vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga.

Asiwepo wa kuota bei ya mnada wa Panama. Kinachochukuliwa hapa ni kitendo cha kutenga: fungu dogo likiwekwa peke yake tangu siku ya kuchumwa, linaweza kujulikana, kupimwa na kuuzwa kwa lilivyo. Likichanganywa hata mara moja, hakuna mashine ya kulirudisha.

Piga hesabu kabla ya kununua chochote

Wanaoanza vibaya huanza kwa kununua: mifuko yenye nembo, mashine ya kukaangia, kadi za biashara. Anza na mizani. Kwa kahawa ya arabika iliyooshwa, hesabu ya kukadiria ni hii:

- Kilo 100 za kahawa mbivu hutoa karibu kilo 20 za pachimenti kavu, yaani punje ikiwa bado ndani ya ganda lake la ndani.
- Kilo 20 za pachimenti zikikobolewa hubaki karibu kilo 16 za kahawa safi.
- Kilo 16 zikikaangwa hubaki kilo 13 hadi 14.
- Gunia la kilo 60 za kahawa safi, kwa hiyo, linadai takriban kilo 375 za mbivu.

Mkahawa usiotunzwa vizuri unaweza kutoa chini ya nusu kilo ya kahawa safi kwa mwaka mzima. Mikahawa mia mbili ya namna hiyo haifikishi magunia mawili, hata kila tunda likiwa bora. Basi mwaka wa kwanza usiweke mavuno yote kwenye kapu moja. Chagua sehemu moja ya shamba, ile yenye mikahawa yenye afya na kivuli kizuri cha migomba au mringaringa, iwe ndiyo shamba la fungu maalumu. Kahawa iliyobaki ipeleke AMCOS, chama chenu cha ushirika, kama kawaida. Ada ya shule na dawa za ng'ombe haziwezi kusubiri mnunuzi ambaye bado hajulikani.

Hesabu nyingine ambayo watu huisahau ni ya uzito unaopotea. Ukitupa kilo 10 katika kila 100 kwa ajili ya uchambuzi, bei lazima ipande zaidi ya asilimia 11 ndipo urudi pale pale ulipokuwa. Hapo bado hujalipa vibarua wa ziada. Anayeahidiwa "bei nzuri kidogo" apige hesabu hii kwanza.

"Kwani lazima ning'oe mikahawa ya babu?"

Hapana. N39 na KP423, aina za zamani zilizosambazwa kutoka Lyamungo, zinaweza kutoa kikombe kizuri sana. Udhaifu wake ni magonjwa: chulebuni na kutu ya majani. Aina mpya za TaCRI, taasisi ya utafiti yenye makao hapo hapo Lyamungo, zimezalishwa ili zistahimili magonjwa hayo mawili, na kwa asiye na uwezo wa kununua dawa kila msimu ni nafuu kubwa. Panda mpya taratibu, pogoa za zamani, weka matandazo. Mradi aina mbili zisichumwe katika ndoo moja.

Uchumaji: hapa ndipo fedha ilipo

Kama kuna sehemu moja ya makala haya ya kusomwa mara mbili, ni hii. Ladha ya kahawa hujengwa mtini. Baada ya kuchumwa, kazi yote inayofuata ni kuilinda isiharibike. Hakuna hatua inayoliongezea tunda bichi utamu ambao halikuwa nao.

Mbivu inayotakiwa ni nyekundu iliyokolea pande zote, hadi kwenye kikonyo. Ukiibinya, punje huteleza nje kwa urahisi na ute wake ni mtamu ulimini. Yenye mabaka ya kijani au njano haijafika. Iliyoanza kukunjamana na kuwa nyeusi imepita. Kwa kuwa matunda ya tawi moja hayaivi siku moja, familia italazimika kupita mti ule ule mara nyingi, kila baada ya siku 10 hadi 14, msimu mzima.

Kazi hii ni ngumu, na vibarua wengi hawaipendi kwa sababu moja ya haki kabisa: wanalipwa kwa debe. Anayelipwa kwa debe atajaza debe. Huwezi kumwambia mtu achague punje moja moja huku ukimlipa kwa debe. Kwa fungu maalumu, lipa kwa siku, au ongeza malipo ya debe na ukague mbele yake kabla ya kulipa. Mama mmoja na vijana wake wawili wanaojua wanachokitafuta ni bora kuliko vibarua kumi wenye haraka.

Asubuhi ya kuchuma, fuata mpangilio huu:

1. Chuma katika vikapu au ndoo safi. Mfuko uliobeba mbolea au dawa usitumike hata kama umefuliwa.
2. Usiiache kahawa juani ndani ya gunia. Ikipata joto huanza kuchacha kabla hujafika nyumbani.
3. Mimina kwenye maji safi. Zinazoelea ni nyepesi: zilizobunguliwa na wadudu, zilizokauka, zisizojaa. Zitoe, zikaushwe na kuuzwa kando.
4. Zilizozama zitandaze mkekani na kuzichambua tena kwa macho na mikono.

Pingamizi kubwa hapa ni wizi. "Nikisubiri ziive zote, wezi watanitangulia." Hofu hiyo ina msingi, wizi wa kahawa mtini umewafanya wakulima wengi wachume kijani. Dawa iliyo karibu ni majirani kukubaliana siku za kuchuma, ili atakayeonekana na gunia la mbivu siku nyingine aulizwe kalitoa wapi. Fungu maalumu lianzie kwenye mikahawa iliyo karibu na nyumba, ambayo mbwa anaisikia na bibi anaiona akiwa barazani.

Kumenya na kuvundika

Menya siku ile ile ya kuchuma, ndani ya saa nane ikiwezekana. Kahawa iliyolala kwenye gunia hadi kesho yake imeshaanza safari yake yenyewe, na wewe hukuwapo.

Mashine ya mkono inatosha. Ijaribu kwanza kwa konzi chache. Ikiwa punje zinatoka zimekwaruzwa au kupasuka, imebana mno. Ikiwa maganda mekundu yanapita na punje, imelegea. Punje iliyokatwa huchacha haraka kuliko nyingine na kuharibu fungu zima. Baada ya kazi, mashine ioshwe jioni hiyo hiyo. Punje tano zilizosahaulika ndani yake zitakuwa zimeoza kesho na zitaingia kwenye fungu jipya.

Baada ya kumenya, punje hubaki na ute unaoteleza. Kuvundika ni kuziacha kwenye chombo safi hadi ute ule ulegee. Kila mtu huuliza: saa ngapi? Hakuna namba moja. Kwenye joto la ukanda wa chini saa 12 hadi 18 zinaweza kutosha. Juu mlimani, usiku wa baridi, zinaweza kufika 36 au zaidi. Saa ya ukutani ni msaada tu. Hakimu ni kiganja: chukua punje chache, zioshe, zisugue. Zikitoa mlio wa changarawe na kukwaruza ngozi, zimefika. Zikiteleza bado, subiri, kisha angalia tena kila baada ya saa moja au mbili.

Tahadhari nne za hatua hii:

- Usiongeze kahawa ya leo kwenye chombo cha jana. Nusu itakuwa mbichi, nusu imeoza.
- Harufu inayokubalika ni ya matunda. Ikinuka siki kali au kitunguu, umechelewa, na harufu hiyo itamfuata mnywaji hadi kikombeni.
- Osha kwa maji safi hadi maji yanayotoka yawe meupe. Maji ya mfereji yaliyopitia zizi la jirani si safi hata kama yanang'aa.
- Maji machafu ya kahawa yasirudishwe mferejini. Chimba shimo mbali na chanzo cha maji. Maganda mekundu yanafaa kuwa mboji.

Siku hizi vijana wengi huuliza kuhusu kufungia kahawa kwenye mapipa yasiyopitisha hewa kwa siku kadhaa, ili ipate ladha ya ajabu ya matunda. Mbinu hiyo ipo na ina wanunuzi. Lakini inahitaji vipimo, usafi wa hali ya juu na mnunuzi aliyeomba mwenyewe. Anayeanza ajifunze kwanza kuosha kahawa ikatoka safi misimu miwili mfululizo. Mapipa yatamsubiri.

Na kama kijiji kina CPU, kiwanda cha pamoja cha kumenyea? Itumie, hasa kama huna maji ya kutosha nyumbani. Ila uliza mapema kama watakubali kulitenga fungu lako katika chombo chake na kichanja chake. Wakikubali, kaa hapo kahawa yako inapomenywa. Wasipokubali, familia tatu au nne zenye mashamba yanayofanana zinaweza kujenga fungu la pamoja na kuomba nafasi kama kundi dogo. Jina la mtaa au kitongoji kwenye mfuko lina heshima sawa na jina la ukoo.

Kuanika: wiki mbili za uvumilivu

Kahawa nyingi nzuri za nyumbani hufia hapa. Imechumwa vizuri, imeoshwa vizuri, kisha ikamwagwa kwenye turubai uani, kuku wakapita, jua la saa saba likaichoma, usiku ikanyeshewa.

Jenga kichanja. Nguzo, fito, wavu wa waya na kitambaa cha neti juu yake, kiwe usawa wa kiuno ili hewa ipite chini na mgongo usiumie. Kichanja cha mita 1 kwa 3 kinatosha kwa mavuno ya kilo 100 za mbivu. Andaa viwili au vitatu ili kila siku ya uchumaji iwe na nafasi yake, na kila kimoja kifungwe kibao chenye tarehe.

Siku ya kwanza, tandaza tabaka jembamba, maji yachuruzike, na uchambue wakati ganda bado lina unyevu. Punje zenye kasoro huonekana vizuri zaidi hapo kuliko zikikauka: zilizokatwa, zenye madoa ya kahawia, zilizobaki na ganda jekundu. Siku chache zinazofuata zilinde na jua kali la mchana kwa kuzifunika kuanzia saa tano hadi saa tisa hivi. Ganda likipasuka mapema kwa jua, punje hukauka nje na kubaki mbichi ndani, na ndani ya miezi michache ladha yake inakuwa ya mbao. Baada ya hapo unaweza kuongeza unene wa tabaka, lakini usizidi sentimita 4. Geuza mara nyingi mchana. Funika kila jioni na kila wingu linapotishia.

Kwa kaskazini mwa Tanzania, msimu wa kuchuma huanza Julai na kuingia hadi Desemba, hivyo sehemu ya mavuno hukutana na mvua za vuli. Anayeanika Novemba anahitaji paa la nailoni angavu lenye pande wazi. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kahawa imekauka lini? Kwa kawaida siku 10 hadi 14, kutegemea hali ya hewa. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 10 hadi 12. Wazee hung'ata punje: ikibonyea bado, ikivunjika vipande imekauka. Njia hiyo inasaidia shambani lakini haimshawishi mnunuzi. Nenda kwenye chama cha ushirika au kwa afisa ugani mwenye kipima unyevu, au changeni kikundi mnunue kimoja. Kikisoma 13, rudi kichanjani.

Kuhifadhi, kwa ufupi

Kahawa hunyonya harufu kama mkate. Stoo yenye mafuta ya taa, mbolea au dawa za mifugo si mahali pake, na chumba chenye moshi wa jiko vilevile.

- Weka magunia juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta.
- Ndani ya gunia tumia mfuko usiopitisha hewa, kama ule wa PICS ambao wakulima wa mahindi wanaujua.
- Iache ndani ya ganda hadi karibu na siku ya kuuza. Ganda ndilo koti lake.
- Kila gunia lifungwe karatasi: tarehe ya kuchuma, sehemu ya shamba, saa za kuvundika, siku za kuanika, unyevu wa mwisho.

Onja kabla hujamwonjesha mtu

Inasikitisha kukutana na mkulima wa miaka arobaini ambaye hajawahi kunywa kahawa ya shamba lake. Ameiuza yote, na nyumbani ananunua ya unga ya kopo. Asiyeijua ladha ya kahawa yake hawezi kujadili bei yake. Atapokea chochote atakachoambiwa.

Koboa konzi mbili. Kaanga kwenye kikaangio kizito kwa moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha, hadi punje zitoe mlio kama bisi na kuwa na rangi ya hudhurungi. Usifikishe weusi. Kahawa nyeusi ya kibaraza, yenye tangawizi na iliki, ni tamu na ina heshima yake, lakini viungo na moto mkali huficha ubora na kasoro kwa pamoja. Iache ipumzike hadi kesho yake, kisha:

1. Saga iwe chengachenga, pima gramu 8 na robo kwa kila mililita 150 za maji. Andaa vikombe vitano.
2. Nusa unga mkavu. Harufu ya ukungu, gunia au kiazi kibichi ijulikane hapa.
3. Mimina maji yaliyochemka kisha yakapumzika kidogo, yawe karibu nyuzi 93.
4. Baada ya dakika nne, vunja tabaka la juu kwa kijiko huku ukinusa, kisha liondoe.
5. Ikipoa kiasi cha kuvumilika, ivute kwa kijiko kwa nguvu hadi itawanyike kinywani. Endelea kuonja inavyopoa. Kasoro hujificha kwenye moto na kujitokeza kwenye ubaridi.

Vikombe vitano vina sababu. Kikombe kimoja kati ya vitano kikiwa na ladha mbaya, punje mbovu zimo ndani na uchambuzi urudiwe. Ladha ya kiazi kibichi, ambayo imewasumbua sana wakulima wa Rwanda na Burundi, inahusishwa na mdudu kimatira anayetoboa tunda likiwa mtini. Ukiikuta, dawa yake iko kwenye kupogoa na kuwadhibiti wadudu msimu ujao.

Baada ya hapo peleka sampuli kwa waonjaji waliofunzwa. Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao Moshi, ina kitengo cha uonjaji. Omba matokeo kwa maandishi. Alama 81 yenye maelezo ni mtaji. Alama 77 yenye maelezo ni mtaji pia, kwa sababu inakuonyesha pa kurekebisha.

Neno moja kuhusu madaraja. AA ni ukubwa wa punje, si ladha. Punje kubwa hukaangika kwa usawa na wanunuzi wanaipenda, lakini AA iliyovundikwa vibaya hushindwa na B iliyotunzwa. Vivyo hivyo PB, ile punje moja ya mviringo ambayo Tanzania inajulikana nayo: ina soko lake, na bado inabidi ionjwe.

Kukoboa na kuuza bila kuingia mtegoni

Kiwanda kikubwa cha kukoboa kimejengwa kwa ajili ya shehena kubwa. Kilo 60 zikiingia humo bila mpango zitatoka zimeunganishwa na za wengine, na kazi yote ya miezi minne imekwisha hapo. Uliza kabla ya kupeleka: kiwango cha chini ni kipi, mashine husafishwaje kati ya mzigo na mzigo, naweza kuwapo? Kama majibu hayaeleweki, tafuta mashine ndogo.

Kuhusu sheria, ushauri ni mmoja. Biashara ya kahawa Tanzania ina leseni na vibali, na taratibu za kuuza kupitia ushirika, mnadani au moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje zimebadilika mara kadhaa. Usitegemee alichofanya shemeji yako mwaka juzi. Nenda ofisi ya Bodi au AMCOS yako kabla ya msimu, uliza utaratibu wa mwaka huu, na uandike jina la ofisa aliyekujibu. Hata sampuli ya kupeleka nje ina nyaraka zake. Ushirika usiuone kama adui wa fungu dogo. Wakulima wa Kilimanjaro waliungana tangu mwaka 1925, na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kikaanzishwa 1933, kwa sababu mkulima mmoja mmoja alikuwa anaonewa sokoni.

Mtego wa zamani ni kuuza kahawa ikiwa bado maua, kile Kagera wanachokiita butura. Mtego wa sasa huvaa suti: mtu anayetuma ujumbe akitaka "mzigo wa kwanza kwa mkopo", au anayetaka kuweka picha ya familia yako kwenye mfuko wake bila mkataba. Kabla ya gunia kuondoka, mambo haya yawe kwenye karatasi:

- Uzito, unyevu na alama zilizokubaliwa, pamoja na sampuli ya gramu 350 iliyofungwa na kubaki kwako.
- Bei, sarafu, na siku ya malipo.
- Nani analipa usafiri, ukobozi na gunia.
- Itakuwaje mzigo ukikataliwa.

Wanunuzi wa Ulaya wameanza pia kuuliza mahali shamba lilipo kwenye ramani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayozuia kahawa iliyolimwa kwenye misitu iliyokatwa karibuni, na ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, maswali hayajasubiri. Simu ya kijana wako inaweza kuchukua alama za shamba kwa dakika chache. Ziandike daftarini.

Na lebo iseme kweli tu. Usiandike mita 1,800 kama uko 1,400. Usiandike "ya kilimo hai" kwa sababu tu hukuwa na fedha ya dawa; jina hilo lina ukaguzi na cheti. Mnunuzi wa kahawa maalumu analipia ukweli wa mahali. Akikukuta na uongo mmoja, atautilia shaka unyevu, uzito na jina.

"Nikifanya yote haya na mnunuzi asipatikane?"

Linaweza kutokea mwaka wa kwanza, na ndiyo maana fungu liwe dogo. Kahawa iliyotunzwa hivi bado inauzika kwa njia ya kawaida. Sehemu yake inaweza kukaangwa kwa kibali na kuuzwa kwa hoteli na wageni wanaopanda mlima, ambao hupita mbele ya vihamba kila wiki. Weka sampuli. Shiriki mashindano ya uonjaji yanapotangazwa, kama Taste of Harvest ya chama cha kahawa bora Afrika, AFCA. Wanunuzi wengi wa mafungu madogo hurudi kwa mkulima yule yule kila msimu, na wanachotaka kukiona mwaka wa pili ni kwamba ladha imebaki na daftari lipo.

Kwa walio kaskazini, mbivu za kwanza zitaonekana Julai. Vichanja visimame kabla ya mwisho wa Juni, mashine ya kumenyea ijaribiwe, vibarua waambiwe mapema kwamba mwaka huu sehemu ile ya karibu na nyumba italipwa kwa siku. Na daftari linunuliwe leo.